Shushushu wa Marobota na Ng'ombe Watatu wa Nkololo

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Dastan amejibanza kwenye uzio wa minyaa pembeni ya uwanja wa Nkololo, darubini ya kuazima shingoni, na ncha ya mshale wa sungusungu imemgusa katikati ya mabega. Sauti nyuma yake ilikuwa imeuliza jambo moja tu.

"Bebe, wewe, unatafuta nini hapa?"

Kwa wale waliofungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma: Dastan ni fundi baiskeli wa Bariadi mjini na golikipa wa akiba wa Marobota, timu ambayo mwenyekiti wake ni Bwana Abubakari, mnunuzi wa pamba. Abubakari ndiye aliyemtuma Nkololo akaichungulie kona ya siri ya Chapakazi, watakaocheza nao Jumapili fainali ya Kombe la Dume. Na Dastan huyo huyo anataka kumwoa Felisita, binti wa Mzee Novatus, kamanda wa sungusungu wa hapo hapo Nkololo. Wazee wa Dastan wanasubiriwa wiki ijayo kuja kuzungumza mahari. Akijulikana kuwa ni shushushu, hakuna mazungumzo na hakuna Felisita.

Basi swali limeulizwa. Dastan akajibu.

"Natafuta ng'ombe wangu. Wamepotea."

Lo, Dastan! Angesema anajisaidia. Angesema amelewa. Angesema hata anamchungulia mke wa mtu, angelambwa makofi akaachwa aende zake. Usukumani unaweza kudanganya juu ya mke, juu ya umri wako, na siku hizi za soko huria unaweza kudanganya hata juu ya kilo za pamba mbele ya mwenye pamba. Juu ya ng'ombe hudanganyi. Lakini ndiyo hivyo tena, Msukuma akikulia mjini akashika spana badala ya fimbo, mambo mengine humtoka.

Mshale ukashuka. Aliyeushika aliitwa Salu, jitu la ndevu na mabega, na uso wake ulikuwa umejaa huruma ya kweli.

"Pole sana, ndugu yangu. Mbona hukusema mapema? Wangapi?"

"Watatu."

"Wa rangi gani?"

Hapo ndipo woga ulipomponza. Hakuwa na ng'ombe wa kuwaeleza, kwa hiyo aliwachukua wa kwanza waliomjia kichwani, wale aliowaona asubuhi uani kwa Abubakari alipokwenda kuchukua darubini.

"Wawili weusi wenye baka jeupe usoni. Na dume jekundu, pembe ya kushoto imevunjika."

"Na hiyo shingoni?"

"Darubini. Ili nikiwaona kwa mbali niwatambue."

"Mjini mmeendelea," Salu akasema kwa heshima. Kisha akaweka filimbi mdomoni na kuupiga mwano.

Asiyejua mwano aambiwe. Ni mwito wa sungusungu, na ukipigwa kwa ajili ya ng'ombe hakuna mwenye udhuru. Mlevi anatoka, mgonjwa anayeweza kusimama anatoka, mwalimu wa katekisimu anaacha watoto kwenye amri ya saba anatoka. Anayebaki nyumbani anatoa ng'ombe wake mwenyewe awe faini, na kijiji kinamla mbele ya macho yake.

Sasa angalia msiba wa shushushu wetu. Uwanjani mpira ulikuwa tayari umewekwa kwenye kibendera. Mpigaji alikuwa ameinua mkono. Wachezaji walikuwa wamejipanga mbele ya goli kwa mpangilio ambao Abubakari angetoa jino la mbele kuuona. Ikalia filimbi ya mwano, na mpigaji akauacha mpira pale pale, akakimbilia kwao kuchukua upinde. Kocha Marcelo alipiga kelele kidogo, halafu naye akakumbuka faini, akakimbia.

Uwanja ukabaki na mbuzi. Dastan alikuwa ametoka Bariadi kwa baiskeli kuja kuona kona, na kona ameifukuza mwenyewe.

*

Kijiji kilikusanyika katikati ya uwanja. Mzee Novatus akafika na rungu lake, mfupi, mkavu, mtu asiyecheka ovyo. Alipomwona mwenye kulalamika, akasimama.

"Kumbe ni wewe."

"Mwadila, baba," Dastan akaamkia, macho chini.

"Mwadila. Kumbe una ng'ombe."

"Ndiyo, baba."

"Mwezi uliopita ulikaa kwangu. Ukanywa maziwa ya ng'ombe wangu. Ukaniambia huna hata ndama."

Watu wakasogea wasikie. Dastan akahisi jasho likiteremka mgongoni, likipita pale pale mshale ulipokuwa.

"Niliona wazee wangu ndio wangesema, baba. Mimi kijana ningejisifuje mbele yako?"

Mzee Novatus akaitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, akamtazama Dastan kama mtu wa kumpa binti.

"Adabu hiyo," akasema. "Tutawapata, ng'wanawane, mwanangu. Hata wakiwa Mwanhuzi tutawapata."

Nyuma ya wanawake, Felisita alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi. Yeye hakuitikia kwa kichwa. Felisita alijua kwamba Dastan hajawahi kumiliki hata kuku, kwa sababu kuku pekee aliyewahi kumletea mama yake alikuwa wa kukopa, na mwenye kuku alikuja kudai. Macho yao yakakutana. Dastan akayakwepa, na moyo ukamuuma.

*

Bwana Abubakari wakati huo alikuwa hapo hapo Nkololo kwenye mgahawa wa Muzdalifa, anakunywa chai na kusubiri ripoti ya shushushu wake. Land Rover yake ilikuwa nje kivulini. Tangu ununuzi wa pamba uachiwe watu binafsi, gari hilo lilikuwa limeona vijiji vingi, lakini halijawahi kuitikia mwano.

"Gari la nani?" Salu akauliza mlangoni.

"Langu. Lakini mimi ni mgeni tu, nimekuja kuangalia pamba."

"Mwano hauulizi umekuja kuangalia nini. Washa."

Basi wakajaa nyuma sungusungu na pinde zao, na mbele, pembeni ya Abubakari aliyeshika usukani, wakampandisha mwenye mali iliyopotea. Abubakari akageuka akamwona mwenye mali ni nani. Ufunguo ukamponyoka.

Wakaondoka. Mbele ya gari walikimbia wasoma nyayo, wameinama, wanafuata nyayo za ng'ombe watatu walizozikuta barabarani, wanaelekezana kwa vidole. Abubakari alisubiri kelele za nyuma zizidi, akanong'ona bila kugeuza uso.

"Umefanya nini wewe?"

"Nilikamatwa, Mwenyekiti. Nikasema nimepotelewa na ng'ombe."

"Nimesikia wanasema dume jekundu lenye pembe iliyovunjika."

"Ndiyo."

"Umemtoa wapi?"

"Nilimwona uani kwako asubuhi. Ndiye aliyenijia kichwani."

Usukani ukayumba, gari likapiga kichuguu, na nyuma mtu akalaani kwa Kisukuma. Abubakari alikuwa amepauka.

"Unajua wako wapi sasa hao ng'ombe?" akauliza.

"Si kwako?"

"Nimewashusha hapa barabarani mchana huu, wakaswagwa kwa miguu. Kwa Masalu."

Masalu ni golikipa wa Chapakazi. Dastan alihitaji muda kidogo kuelewa kwa nini mwenyekiti wa Marobota ampelekee golikipa wa Chapakazi ng'ombe watatu siku chache kabla ya fainali. Sisi tusiucheke sana muda huo, maana alikuwa mtu mwaminifu na alidhani aibu ya timu yake inaishia kwenye kuchungulia.

"Sasa mimi ulinituma ya nini?" akauliza.

"Soko huria, kijana. Unanunua siri huku, na huku unanunua golikipa."

Masalu mwenyewe alikuwa mbele anakimbia na wenzake, upinde begani. Na Masalu ni kaka yake Felisita. Ni mtoto wa kwanza wa Mzee Novatus.

"Nyayo zinaelekea Sapiwi!" Abubakari akapaza sauti dirishani.

"Sapiwi, ndiyo, Sapiwi," Masalu akadakia kutoka mbele, haraka mno.

"Wewe nunua pamba," Salu akamjibu Abubakari kutoka nyuma. "Nyayo tuachie sisi."

Nyayo hazikwenda Sapiwi. Zilipinda kwenye mashina ya pamba, zikapita nyuma ya kisima, zikaingia kwenye zizi la Masalu.

*

Walikuwa nyuma ya ghala, wamefunikwa kwa majani ya mahindi hadi mgongoni. Weusi wawili wenye baka jeupe usoni. Dume jekundu. Pembe ya kushoto imevunjika.

Kisha wakamshika Masalu, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, na mkewe Anna akaanza kulia akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Huku, msomaji, mwizi wa ng'ombe hapelekwi polisi kwanza. Mara nyingi hakuna haja tena ya kumpeleka. Wanaume walikuwa wameshaanza kutengeneza duara, na kila mmoja alimtazama Mzee Novatus.

"Mwizi wa ng'ombe hana baba," Mzee Novatus akasema. Akamgeukia mwanawe. "Masalu. Sema."

Masalu angesema nini? Akisema ameiba, atapigwa. Akisema amepewa, atakuwa ameuza goli la kijiji kizima. Akamtazama Abubakari. Abubakari alikuwa anakagua tairi za gari lake.

"Hasemi," wakanung'unika. Duara likakaza.

Ndipo Felisita, aliyewafuata na wanawake wengine, akapenya katikati ya wanaume, akasimama mbele ya Dastan.

"Hawa ni ng'ombe wako?" akamuuliza.

Dastan aliona kila kitu kwa pamoja. Akisema ndiyo, yeye ni mwenye mali, anaheshimiwa, ana mahari tayari zizini, na kaka wa mchumba wake anapigwa mpaka asijulikane. Akisema hapana, yeye ni mwongo aliyekikimbiza kijiji kizima porini. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa mshale, na alimpenda huyu binti aliyekuwa anamtazama bila kupepesa.

"Si wangu," akasema. "Sina ng'ombe. Nilikuwa nachungulia mazoezi yenu."

Na akaeleza yote: nani kamtuma, nani kampa darubini, ng'ombe aliwaona kwa nani. Alipomaliza hakuna aliyempiga. Walikuwa wamechoka na walikuwa wanashangaa. Felisita alikuwa ameinamisha kichwa, na Dastan hakuweza kujua kama analia au anahesabu hasira. Masalu akafunguliwa mikono, akakaa chini pale pale kwenye mavi ya ng'ombe.

"Nililetewa, baba," akasema. "Nikapokea."

Baba yake akamgeukia Abubakari.

"Wewe unamjua huyu Dastan?"

"Huyu?" Abubakari akamkagua Dastan kuanzia miguuni. "Simjui. Marobota ina golikipa, na si huyu. Sijawahi kumwona mtu huyu langoni."

Hapo alisema kweli. Misimu mitatu Dastan alikuwa amekaa benchi na hakuna aliyewahi kumwona langoni.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani? Mimi mtu wa pamba."

Dastan alitegemea matusi kutoka kwa Mwenyekiti. Hakutegemea kusahauliwa hivyo mchana kweupe. Ikamuuma, na akaona haya kwamba inamuuma.

*

Ilibaki adhabu. Kwa bahati, Mwalimu Constantine, katibu wa mashindano, alikuwa amekuja kupima uwanja, mwano ukamzoa na futi yake mkononi. Wakamuuliza sheria.

"Kanuni zinazungumzia kupigana, kuchelewa, kumtukana refa na kung'oa goli," Mwalimu akasema. "Kuchungulia hakumo."

"Na uchawi?" kocha Marcelo akauliza.

"Uchawi una kifungu kizima."

"Basi iandikwe kwamba wamechungulia kwa uchawi."

"Wanyang'anywe pointi," mwingine akasema.

"Fainali haina pointi."

"Wapigwe faini."

"Atailipa kwenye mizani ya pamba yetu," Anna akasema kutoka mlangoni, na wakulima wakaguna, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kuiona mizani ya Abubakari ikiona haya kupanda.

Mwalimu Constantine akakohoa kiofisi. "Utaratibu wa kawaida ni kumfungia aliyechungulia. Mwaka mmoja asicheze."

"Sawasawa kabisa," Abubakari akasema. "Mfungieni huyo mtu. Hata maisha."

Mzee Novatus alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akanyanyua macho.

"Huyu ameshafungiwa. Benchi misimu mitatu, na aliyemfungia ni klabu yake. Tukimwadhibu yeye, kesho bwana huyu atatuma mwingine na darubini kubwa zaidi. Na huyo mwingine naye hatamjua." Akamgeukia Dastan. "Wewe mazoezini hufanya kazi gani?"

"Wananipigia penalti, baba."

"Zote," Felisita akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ameshanieleza kila mmoja wao hupiga upande gani, na mguu gani, na akiogopa hufanya nini. Kila Jumapili ananieleza hayo, badala ya maneno mengine ambayo mtu angependa kuambiwa."

Wanawake wakacheka. Dastan akatamani ardhi immeze.

"Mwalimu," Mzee Novatus akasema. "Kanuni zinasemaje juu ya mamluki?"

Uso wa Mwalimu ukang'aa, kwa sababu hatimaye aliulizwa kitu kilichomo. "Mamluki, yaani mchezaji wa kuazima, ruksa. Mmoja kila timu, mpaka siku moja kabla ya mechi."

"Basi hukumu ni hii. Masalu hatasimama langoni. Yeye na mimi tuna maneno yetu. Klabu iliyotuma mtu aje kuona ya kwetu, mtu huyo inampoteza, pamoja na yote aliyonayo kichwani. Jumapili Dastan atadakia Chapakazi."

Kelele zikapanda. Kocha Marcelo alikuwa tayari anakipima kimo cha Dastan kwa macho.

"Na wewe," Mzee akamwambia Dastan, na kelele zikashuka zenyewe. "Umenidanganya mbele ya watu wangu. Halafu umesema kweli mbele ya watu wale wale, na mwanangu yu hai. Sijui nikuweke wapi. Wazee wako wasije. Dakia timu yetu kwa moyo mweupe, kisha nitaona kama niwaite. Ukituuza, usipite tena hata barabara ya Nkololo."

"Nimekubali, baba."

"Hujaulizwa."

Felisita akamtazama Dastan kwa mara ya kwanza tangu akiri. Hakutabasamu. Lakini alichukua kata, akachota maji kwenye mtungi wa wifi yake, akamletea anywe, na akasimama pale mpaka alipomaliza.

Kila mtu alikuwa anaongea. Marcelo alikuwa ameshamshika Dastan mkono, anamuuliza habari ya nahodha wa Marobota, yule wa shuti kali, penalti yake huenda wapi. Dastan akafuta mdomo, akafungua kinywa kujibu.

"Dastan!" Abubakari akabwata kutoka garini. "Dastan, usithubutu! Nani alikununulia zile glovu? Nani alimlipia mama yako dawa ulipokuja kunililia?"

Kijiji chote kikamgeukia. Hata Anna alishusha mwiko wake.

Abubakari akasikia alichosema. Akapapasa kutafuta swichi ya gari, asiione.

"Baba," Felisita akasema, "jina la mtu amelikumbuka. Sasa tumuulize majina ya ng'ombe."

Mzee Novatus akainuka kwenye kinu. Akakibingirisha kwa mguu mpaka mlangoni mwa Land Rover, akakisimamisha vizuri, akakipangusa vumbi kwa kiganja kama mtu anayemkaribisha mkwe.

"Shuka, mwenye ng'ombe," akasema. "Kaa hapa. Utuambie mwanangu ulimnunua ili afungwe mangapi."